Sema Kilichomo Mfukoni

Cheche alipomwona mpiga picha akipita ng'ambo ya barabara kwa mara ya pili bila hata kugeuza shingo, alijua siku ile imeamua kumkomoa.

Asubuhi ilikuwa imeanza na simu. Tangu chuo cha mifugo kimwandikie kwamba hakukubaliwa wala hakukataliwa, ila amewekwa kwenye orodha ya akiba, simu ilikuwa haibanduki mkononi mwake. Wangemkataa angelia, akajifuta machozi, akatafuta jingine la kufanya. Wangemkubali angeshangilia mpaka majirani wakome. Lakini akiba! Mtu unakaa roho juu kama mgeni aliyekaribishwa halafu akaachwa amesimama mlangoni. Tena hakuna aliyeweza kumweleza hao watu walipima kwa mizani gani. Binamu yake aliyemzidi alama alikataliwa moja kwa moja, na jirani aliyekuwa akinakili majibu yake kila mtihani alikwishanunua begi la safari. "Subira yavuta heri," watu walimwambia. Cheche akawa anajibu kimoyomoyo kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwake lilikuwa limeuma vya kutosha.

Jina hilo la Cheche alipewa na marehemu baba yake, na aliyemjua kwa siku moja tu hakuhitaji kuuliza sababu.

Walikuwa madobi, yeye na mama yake. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta na nguo zilizotundikwa zikiwa zimefunikwa nailoni. Cha nyuma kilikuwa na mashine, beseni la wanga na meza ndefu ya kupigia pasi. Duka lilikuwa na sheria moja ambayo mama aliilinda kuliko hata pasi zake: nguo haipokelewi kabla mwenyewe hajasema kilichomo mfukoni. Mhudumu huuliza, "Sema kilichomo," na mteja hutaja: funguo, leso, hamna kitu. Akishasema, ndipo mifuko inapinduliwa mbele ya macho yake. Mama alikuwa akisema kwamba mtu akitaja mwenyewe hana aibu, hata kama kitu chenyewe ni cha aibu. Akinyamaza kikaonekana, asimlaumu dobi. Kwa sheria hiyo, kaunta ile ilikuwa imekwishasikia habari za meno ya bandia, na za pete ya ndoa ya bwana mmoja aliyekuwa akijiita kapera.

Basi hao hao, ambao hawakuwahi kulowesha hata tiketi ya mtu, asubuhi ile waliifua simu ya Cheche mwenyewe. Cheche alimwagikiwa na wanga, akavua aproni, akaitupa kwenye mashine pamoja na mashuka meupe ya hoteli, maji ya moto, sabuni ya kutosha. Nani amuulize mwenye duka kilichomo mfukoni?

Simu ilitoka safi, inanukia, na imekufa. Laini waliyoichomoa waliijaribu kwenye simu ya mama ikakataa kusomeka. Cheche akakimbia kwenye duka la mtandao kuomba laini mpya. Akapanga foleni, akafika dirishani, akaambiwa mtandao uko chini, rudi kesho. Njiani kurudi alipita studio kwa mpiga picha, mkabala na duka lao.

"Simu yangu imekufa," alimwambia akihema. "Wakinikosa watapiga kwako. Usitoke karibu na simu yako, tafadhali."

"Tulia, daktari," mpiga picha alimjibu akicheka. "Utaitwa tu. Ng'ombe wote wa nchi hii wanakusubiri wewe."

Cheche akarudi kazini moyo umemtulia kidogo. Kwenye maombi ya chuo kulikuwa na mahali pa kuandika namba ya mtu wa karibu, na yeye aliandika ya mpiga picha. Mama hakujua hilo. Kusema kweli Cheche alikuwa na sababu ya maana, kwa kuwa mama yake hapokei namba asiyoijua hata ikiita mpaka ichoke. Lakini ungemwuliza kwa nini alikuwa akitabasamu alipokuwa akiandika, asingekujibu habari za mama.

Na sasa mtu wake wa karibu alikuwa amepita mara mbili, mikono mfukoni, macho chini. Siku zote alipokuwa akipita pale alikuwa akinyanyua mkono na kuufanya kamera, akafumba jicho moja, na Cheche akajifanya hajaona. Leo hata hilo jicho hakulifumba.

Cheche alifungua mdomo amwite. Mama akakohoa.

"Pasi hiyo inaunguza," mama alisema.

Cheche akaiinua haraka. Foronya ilikuwa imeanza kupata rangi ya chai.

"Tangu asubuhi unaangalia barabara kama trafiki," mama akaendelea. "Kama ni kuitwa utaitwa, kama si kuitwa, nguo chafu haziishi duniani. Unafikiri hao ng'ombe wanajua unawawaza?"

"Mama, mimi siwazi ng'ombe."

"Najua unayemwaza. Amepita huko sasa hivi, na leo hata salamu hana." Mama alikunja shuka, akalipiga kofi kulilaza. "Nimekwambia mara ngapi? Mwanamume ambaye kazi yake ni kuwatazama wanawake huku amefumba jicho moja, hilo jicho jingine analifumbia nini?"

"Ndiyo kazi, mama. Hata wewe unashika suruali za wanaume mchana kutwa."

"Ee! Haya, nijibu. Nijibu tu. Ndiyo elimu hiyo, na chuo chenyewe bado hujaenda."

Siku nyingine Cheche angecheka. Lakini alikuwa akipiga hesabu zake: ameona nini, mbona hanitazami? Labda wamempigia wakamwambia nafasi zimejaa, na hana uso wa kuniletea habari hiyo. Labda hawajapiga kabisa. Au labda ni mambo mengine. Labda amechoka kupendana na msichana ambaye haijulikani yupo au anaondoka. Kila wazo lilikuja na mguu wake, likamkanyaga, likaondoka. Aliweka pasi chini, akaishika tena. Alikunywa maji ambayo hakuyataka.

Alikumbuka siku alipokwenda kupigwa picha ya maombi. Mpiga picha alimpiga, akampiga tena, akasema amepepesa macho. Akampiga nyingine, akasema amepepesa tena. Cheche hakuwa amepepesa hata mara moja, na wote wawili walilijua hilo. Alikaa kwenye kile kigoda akamwacha ahangaike, na alipotoka nje alikuwa na picha za kutosha kuombea vyuo vyote duniani.

Jua lilikuwa limeanza kuinamia upande wa studio mpiga picha alipoingia dukani. Alikuwa na shati jeupe mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba." Mama hakunyanyua uso. "Shati hilo nililifua juzi. Limechafuka kwa kutazamwa?"

Mpiga picha akatabasamu tabasamu la mtu anayeumwa jino. Huo ndio ulikuwa ujanja wake tangu waanze kupendana, kuleta shati safi lifuliwe ili apate kusimama kaunta. Mama alikuwa akilijua shati lile kuliko mwenyewe, naye alikuwa akilifua vivyo hivyo. Akachukua rundo la mashuka, akaingia nayo chumba cha nyuma, akiuacha mlango wazi kwa makusudi.

Cheche alimtazama kijana wake. Midomo ilikuwa mikavu, na viatu, ambavyo daima vilikuwa vinang'aa, vilijaa vumbi la mtu aliyetembea sana.

"Umepita hapa mara mbili," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Mara tatu. Moja hukuniona."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Hapa."

"Hapa, halafu unapitiliza?"

Alilisukuma shati juu ya kaunta. Cheche alilivuta, na kwa kuwa hakujua aseme nini, mdomo wake ukasema kile ambacho ulizoea kusema kila saa, kila siku, kwa kila anayesimama pale.

"Sema kilichomo."

Siku zote alikuwa na jibu la utani. *Kuna moyo wako, uutoe polepole.* Au, *Kuna mahari, lakini usimwambie mama.* Cheche alikuwa tayari hata kuusikia utani mbaya, mradi tu ausikie.

Mpiga picha alilitazama lile shati.

"Wamepiga," alisema.

Cheche alishika ukingo wa kaunta. "Nani?"

"Chuo. Kuna mtu amejitoa. Nafasi ni yako ukiitaka. Lakini wanataka uthibitishe leo hii kabla ofisi haijafungwa. La sivyo wanamwita anayefuata."

Furaha ilimpanda Cheche kuanzia magotini. Ilifika kifuani, ikagonga kitu, ikasimama hapo.

"Wamepiga saa ngapi?"

"Cheche..."

"Nimekuuliza wamepiga saa ngapi?"

"Ulipotoka tu pale studio. Ulikuwa hata hujavuka barabara."

Ndani, mashine ilimaliza kuzunguka ikanyamaza. Cheche alitazama nje. Kivuli cha jengo la studio kilikuwa kimekwishavuka barabara na kufika mlangoni kwao.

"Ulinitazama mgongo," alisema polepole, "umeshika simu sikioni, na mtu anakwambia nafasi yangu imepatikana. Na hukuniita."

"Nilikuja."

"Ulikuja ukapita!"

"Nilikuja nikapita. Nikarudi, nikapita tena. Miguu ilikuwa inafika hapo mlangoni inakataa. Unajua nilichokuwa nafanya wiki zote hizi? Nakwambia utaitwa tu, utaitwa tu, halafu nikibaki peke yangu naomba wasikuite. Nilikuwa naomba, Cheche. Kwa moyo wangu wote. Chuo kiko mbali, miaka ni mingi. Watu huenda mtu mmoja wakarudi mwingine. Leo nikawaza, nikinyamaza tu mpaka jioni, hakuna atakayejua. Simu yako imekufa. Watakuwa wamekukosa, basi, bahati mbaya. Utalia, mimi nitakubembeleza, maisha yataendelea."

"Kwa nini basi hukunyamaza?"

"Kwa sababu ningekubembeleza. Ungelilia begani kwangu, ukaniambia asante. Hiyo asante ningeipeleka wapi?"

Cheche alimpiga kwa lile shati. Alimpiga nalo begani, kifuani, popote, na machozi yakimtoka, na mpiga picha alisimama akipokea kama nguzo. Kwa aliyekuwa akipita nje ilionekana kama dobi anakung'uta vumbi.

"Nilikuamini!" alisema. "Mimi! Nimekuwa nikikutetea humu ndani kila siku ya Mungu! Naambiwa jicho moja, nasema ni kazi! Naambiwa hafai, nasema hamjamjua! Kumbe ni mimi ndiye sijakujua!"

"Sema yote."

"Usiniambie niseme yote! Wewe ndiye ungesema yote, asubuhi!"

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini, ingawa ukimjua mama yule, utajua alisimama tangu mwanzo.

"Hebu ngojeni kwanza," alisema. "Chuo kimepataje namba ya huyu?"

Cheche akafuta uso kwa kiganja. Hasira yote aliyokuwa nayo ikakosa pa kukaa kwa muda.

"Niliiandika mimi. Walitaka ya mtu wa karibu."

"Mtu wa karibu." Mama aliyarudia maneno yale kama anayeonja chumvi. "Mimi niliyekubeba nipo hapa, nalala chumba cha pili, mtu wa karibu ni wa ng'ambo ya barabara."

"Mama, wewe hupokei namba usiyoijua."

"Sipokei! Wanapiga matapeli!"

"Ndiyo maana."

Mama alimgeukia mpiga picha, na Cheche akajua sasa kinakuja kile kilichokuwa kikingojewa. Huyu si ndiye uliyekuwa ukinisifia? Angekuwa na haki ya kukisema. Hata Cheche mwenyewe alitaka kisemwe na mtu.

Lakini mama alilitazama shati lililokuwa limekunjamana mkononi mwa binti yake.

"Alisema mwenyewe, au ulikiona?" aliuliza.

"Nini?"

"Nakuuliza swali la dukani. Alitaja mwenyewe, au wewe ulipindua mfuko ukakikuta?"

"Alitaja mwenyewe."

"Basi mnasimama hapa mnagombana nini na ofisi za watu zinafungwa? Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako! Wewe kijana, simu iko wapi? Piga!"

Mpiga picha alikuwa ameshaitoa. Alipiga, akaweka sauti kubwa, akailaza juu ya kaunta, na watatu hao wakaiinamia kama wanaoangalia ndani ya kisima. *Namba unayopiga inatumika.* Akapiga tena. Inatumika. Cheche aliuma kucha, akakuta hakuna iliyobaki. Akapiga tena, ikaita, ikaita, ikakatika.

"Wamefunga," Cheche alisema. "Wamefunga wameondoka."

"Piga," mama aliamuru.

"Mama, wamefunga."

"Mimi nimekaa kaunta miaka yote hii. Mtu akifunga huwa hajaondoka, anatafuta funguo. Piga!"

Ikaita. Cheche alifumba macho. Alihisi mkono wa mama umeushika wa kwake, na kwa upande wa pili mkono mwingine umelala juu ya kaunta karibu sana na wake, bila kuthubutu kuugusa.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, ya mtu aliyechoka na siku nzima. "Udahili hapa."

Cheche alitaja jina lake lote, mpaka la babu. Kusikia jina lile lililozoea kukaa kwenye vyeti, badala ya Cheche, hata mpiga picha aliinua uso.

"Aa, wewe! Tumekutafuta tangu asubuhi, dada yangu. Nilikuwa nimeshaanza kumpigia anayefuata."

"Amekubali?"

"Hapokei. Simu yake inaita tu. Sasa unaitaka nafasi au huitaki?"

Kulikuwa na mtu mahali fulani. Msichana kama yeye pengine, roho juu kama yeye, ambaye dakika hiyo alikuwa ameiacha simu kitandani akaenda kuteka maji. Cheche alimwonea huruma mpaka ikamuuma, na bado akasema:

"Naitaka."

"Haya. Kuripoti ni Jumatatu asubuhi. Hakuna kuongeza siku." Zikasikika sauti za vidole vikigonga kibodi. "Namba yako ya kwanza haipatikani, hiyo utarekebisha ukifika. Sasa hii ya pili, ya mtu wa karibu. Asubuhi nilimweleza kila kitu na ujumbe haukukufikia. Tuiache au tuibadilishe?"

Mama alikuwa ameshaitoa simu yake kwenye mkoba na kuinyanyua usoni pa Cheche, kidole kikionyesha, kama vile namba ilikuwa imeandikwa juu ya kioo. Mpiga picha alikuwa akitazama sakafu. Hakuomba. Hilo ndilo Cheche aliloliona, kwamba hakuomba hata kwa macho.

"Haloo? Dada?"

"Iacheni," Cheche alisema. Halafu akaongeza haraka, "Na muongeze ya mama yangu. Lakini mumtajie kwanza ni namba gani mtakayopigia, aihifadhi, maana asiyoijua hapokei."

Akaitaja namba ya mama; yule mwanamke akacheka akiiandika, mama akasema "Ala!", na simu ikakatwa.

Duka likabaki na milio yake ya kawaida, maji yakishuka kwenye bomba, viango vya nguo vikigongana kwa upepo wa feni. Jumatatu. Neno hilo lilikuwa limeingia na kukaa katikati yao kama mtu wa nne.

"Umenisamehe?" mpiga picha aliuliza.

"Sijakusamehe. Nimeacha namba tu."

"Ikiita nitapokea."

"Kupokea ulipokea hata leo. Ikiita utafanya nini?"

"Nitavuka barabara."

"Na ukifika mlangoni?"

"Sitapita."

Cheche alilikunjua lile shati. Alitia mkono mfukoni, akaupindua mfuko nje mbele ya macho yake, kama sheria ilivyotaka. Hamkuwa na kitu. Akaurudisha ndani, akaulaza kwa kiganja, akauacha mkono wake hapo, mahali ambapo mwenye shati huwa anabeba moyo wake.

"Shati lako ni safi," alimwambia. "Hatulipokei. Ukalivae Jumatatu, uje unisindikize."

Alimnyooshea. Kabla mpiga picha hajalishika, mama alilinyakua katikati, akalishika mabegani, akaliangalia mbele na nyuma kwa kinyaa.

"Limsindikize mwanangu na makunyanzi haya?" alisema. "Labda mimi nimekufa."

Akaingia nalo ndani, na wakasikia pasi ikichomekwa ukutani.

"Wewe kijana!" sauti yake ikatoka nyuma. "Usikae hapo umesimama. Njoo uniandikie hiyo namba ya chuo kwenye simu. Na hapohapo uniandikie na ya kwako."